Mikono mitupu mbele ya silaha: Ni ujuzi gani unaobaki na ni upi unaopotea?

Zoezi hili halikosekani katika kumbi nyingi za karate, judo na aikido, ziwe za Tokyo, Kampala au Bujumbura. Mwanafunzi mmoja hushika kisu cha mbao, hupiga hatua moja mbele, hunyoosha mkono kuelekea tumbo la mwenzake, kisha hubaki amesimama vivyo hivyo kama sanamu. Mwenzake husogea kando, hukamata kifundo cha mkono ule, hukipinda, na kisu huanguka sakafuni. Wawili hao huinamiana kwa heshima, na zoezi huanza upya.

Nje ya ukumbi mambo hayaendi hivyo. Mwenye kisu hasimami. Huurudisha mkono wake kwa kasi ileile aliyounyooshea, huchoma tena na tena, na mkono wake wa pili nao haukai bure. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo walimu wa sanaa za mapigano wamelijadili kwa vizazi vingi: je, mtu aliyefundishwa kupigana kwa mikono mitupu anaweza kuuhamishia ujuzi wake kwenye silaha, ama kwa kuishika yeye mwenyewe, ama kwa kuikabili ikiwa mkononi mwa mwingine?

Swali hili lina uzito hata kwa wasiowahi kuvaa mkanda wa aina yoyote. Mlinzi wa usiku anayekabidhiwa rungu na lango la kulinda huenda akachukuliwa kuwa yu tayari kwa sababu tu alipata kusoma karate. Mzazi anayemlipia mwanawe ada ya mafunzo ya judo huamini kwamba amemnunulia pia usalama wa njiani. Kijana mwenye mkanda mweusi anapokutana na mtu mwenye panga, ana muda mfupi mno wa kuamua kama atapambana, atatoa simu yake au atatimua mbio. Jibu lisilo sahihi ukumbini humpotezea mtu alama. Jibu hilohilo barabarani laweza kumpotezea uhai.

Kwa kifupi, ujuzi huhama, lakini hauhami wote. Miguu, macho na utulivu wa moyo huvuka. Mazoea mengi ya mikono hukwama njiani, na baadhi yake hugeuka kuwa hatari kwa mwenyewe. Historia ya sanaa hizi inaonyesha kwamba waasisi wake walilitambua jambo hilo mapema.

Okinawa: Ndugu wawili walioishi nyumba moja

Karate ilikulia katika visiwa vya Okinawa, kusini mwa Japani. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi aliionyesha jijini Tokyo, na kutoka hapo ikaenea nchini Japani na hatimaye duniani. Jina lake hapo awali liliandikwa kwa herufi zenye maana ya mkono wa Kichina. Mwezi Oktoba mwaka 1936, walimu waliokutana katika mji wa Naha, Okinawa, waliafiki kutumia herufi nyingine zinazotamkwa vilevile, lakini zenye maana ya mkono mtupu.

Hata hivyo, kando ya mkono huo mtupu palikuwapo silaha. Wakazi wa Okinawa walikuwa na sanaa ya pili inayojulikana leo kwa jina la kobudo. Sanaa hiyo hutumia fimbo ndefu iitwayo bo, yenye urefu wa takriban sentimita 180, pamoja na zana nyingine kama vile sai, tonfa na nunchaku. Mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kuihifadhi ni Shinken Taira, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki dunia mwaka 1970. Taira alikuwa mwanafunzi wa Funakoshi katika karate, lakini alipotaka kujua silaha alikwenda kwa mwalimu mwingine, Moden Yabiku, akaanza kujifunza upya.

Hapo pana funzo. Kama ngumi ingetosha kumfundisha mtu fimbo, Taira asingekuwa na haja ya mwalimu wa pili. Kobudo ina kata zake, yaani mifuatano ya miondoko inayofanywa kwa mpangilio maalumu, na kila silaha ina za kwake. Mwanafunzi wa karate anayeingia katika kobudo huonekana upesi kuwa na faida: anajua kusimama, anajua kugeuza nyonga, anajua kuhema kwa mpango. Lakini fimbo humtaka aachie na kushika tena, ateleze viganja vyake juu ya mti, na akumbuke kwamba kuna ncha ya pili nyuma ya mgongo wake. Mambo hayo ngumi haikumfundisha.

Judo nayo ilipitia njia kama hiyo. Jigoro Kano aliiasisi mwaka 1882 kwa kuchuja mbinu za mieleka ya kale ya Kijapani, akaacha zile zinazojeruhi ili vijana waweze kushindana kwa nguvu zao zote bila kuumizana. Lakini hakuridhika kwamba kuangusha na kukaba kunatosha. Mwaka 1928 alianzisha katika kituo chake cha Kodokan kundi la kujifunza sanaa za kale, likiwaalika walimu wa upanga na fimbo kutoka nje ya judo. Baada ya kifo chake, mwaka 1956, Kodokan ilipitisha mfululizo wa mbinu 21 za kujihami. Kati ya hizo, 12 ni dhidi ya mtu asiye na silaha na tisa ni dhidi ya mwenye kisu, fimbo au bastola. Hata wasimamizi wa judo wenyewe, basi, waliona kwamba silaha inahitaji somo lake.

Ufilipino: Safari inayoanzia kwenye fimbo

Nchini Ufilipino mpangilio umegeuzwa. Sanaa ya taifa hilo, iitwayo arnis na ambayo baadhi ya watu huiita eskrima au kali, humpa mwanafunzi silaha tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida hiyo ni fimbo ya henzerani yenye urefu wa takriban sentimita 70. Mkono mtupu huja baadaye. Mwezi Desemba mwaka 2009, Rais Gloria Macapagal Arroyo alitia saini sheria nambari 9850 iliyoitangaza arnis kuwa mchezo rasmi wa taifa.

Walimu wa arnis hawaanzi kwa kuorodhesha mbinu. Huanza kwa kuhesabu njia ambazo pigo linaweza kupitia: kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, kutoka kushoto kwenda kulia, moja kwa moja kuelekea tumboni, na kadhalika. Kwa mtazamo wao njia ni ileile, iwe kinachopita ni fimbo, panga, kisu au ganda la mkono. Anayeijua njia anaweza kuikinga, kuikwepa au kuipitia yeye mwenyewe, na kinachobadilika ni urefu wa kilichomo mkononi.

Hoja hiyo ina nguvu, na ina sababu yake. Fimbo humwadhibu mzembe. Mtu anayejifunza kwa fimbo hugundua mapema kwamba kusimama karibu kuliko inavyofaa kunauma, kwamba kuchelewa kwa kitambo kidogo kunauma, na kwamba mkono ulioachwa mbele bila ulinzi ndio hupigwa kwanza. Arnis ina msemo kuhusu jambo hili la mwisho: kung'oa meno ya nyoka, yaani kuulenga mkono ulioshika silaha badala ya mwili wa mwenyewe. Anapoiweka fimbo chini, mwanafunzi huyo hubaki na tahadhari hizo, na mbele ya ngumi humsaidia. Lakini aliyeanza na ngumi hajawahi kuonja adhabu ya fimbo, hivyo hana tahadhari ya kuihamisha. Ndiyo maana walimu wengi huona kwamba kutoka kwenye silaha kwenda kwenye mkono mtupu ni mteremko, na kutoka kwenye mkono mtupu kwenda kwenye silaha ni mlima.

Afrika na Ulaya zina mifano yao

Mifano ya mteremko huo haipo Asia peke yake. Nelson Mandela anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipokuwa mtoto mchungaji kijijini Qunu, katika eneo la Transkei, alijifunza kupigana kwa fimbo kama walivyojifunza wavulana wengine wa huko. Anataja stadi alizozipata: kupangua mapigo, kumhadaa mpinzani kwa upande mmoja na kumpiga kwa upande mwingine, na kujinasua kwa wepesi wa miguu. Miaka mingi baadaye, akiwa wakili na mwanasiasa mjini Johannesburg, alifanya mazoezi ya ndondi. Yeyote anayezijua ndondi atakubali kwamba stadi hizo tatu za uchungani ndizo kocha wa ngumi huzitafuta kwa kila mwanafunzi mpya.

Katika pwani ya Waswahili, mchezo wa kirumbizi huchezwa kwa bakora kwenye harusi na sherehe, na hasa unajulikana Lamu. Wanaume wawili huingia uwanjani, hupimana kwa macho, na ngoma huwapa mwendo. Ni mchezo wa furaha na haukusudiwi kuumiza. Hata hivyo, mchezaji hodari hutambulikana kwa yaleyale: anajua lini yupo ndani ya upeo wa bakora ya mwenzake na lini yupo nje yake, na macho yake hayadanganywi na mzunguko wa mkono.

Nchini Uingereza, James Figg, anayehesabiwa kuwa bingwa wa kwanza wa ngumi wa nchi hiyo katika karne ya 18, alijulikana kwanza kama mwalimu wa upanga na fimbo. Nchini Italia, mwanzoni mwa karne ya 15, mwalimu Fiore dei Liberi aliandika kitabu cha mapigano kinachoanza na mieleka, kikaendelea na jambia, kisha kikaingia kwenye upanga. Kwake yeye mieleka ilikuwa msingi na silaha ghorofa za juu, lakini hakumwambia msomaji kwamba aliyejenga msingi amekwisha kujenga nyumba. Sehemu ya jambia peke yake imejaa mbinu nyingi, kila moja ikionyeshwa kwa picha.

Sayansi ya kujifunza inasemaje?

Suala la ujuzi kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine limechunguzwa kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1901 wanasaikolojia wa Kimarekani Edward Thorndike na Robert Woodworth walichapisha matokeo ya majaribio yaliyowashangaza walimu wa zama zao. Waliwafundisha watu kukadiria ukubwa wa maumbo ya aina fulani, kisha wakawapa maumbo ya ukubwa au sura nyingine. Ustadi uliopatikana katika zoezi la kwanza ulisaidia kidogo kuliko ilivyotarajiwa katika zoezi la pili. Walihitimisha kwamba ujuzi huhama kwa kadiri ile tu ambayo kazi mbili zina viungo vinavyofanana.

Kanuni hiyo inaeleza mengi yanayoonekana katika kumbi za mafunzo. Hatua ya kando anayopiga mwanandondi na hatua ya kando anayopiga mtu wa fimbo ni kitu kimoja, kwa hiyo inahama. Namna ya kukunja ngumi na namna ya kuelekeza makali ya panga ni vitu viwili, kwa hiyo haihami. Anayepiga kwa panga kama anavyopiga ngumi hujikuta akipiga kwa ubapa.

Utafiti mwingine unaeleza kwa nini silaha inahitaji muda wake. Mwaka 1996 mtafiti wa Kijapani Atsushi Iriki na wenzake walichunguza ubongo wa nyani waliofunzwa kuvuta chakula kwa reki ndogo. Seli fulani za ubongo ambazo kwa kawaida hushughulika na eneo linaloizunguka mikono zilianza kuitikia pia vitu vilivyo karibu na ncha ya reki, kana kwamba mkono umerefuka. Mabadiliko hayo yalitokea pale mnyama alipoitumia reki kwa kazi. Kuishika tu hakukutosha.

Hilo ndilo huwatokea watu wanaosema kwamba jembe au sindano imekuwa sehemu ya mkono wao. Fundi seremala hatazami urefu wa nyundo yake. Mwili wake unaujua. Mpiganaji hodari wa mikono mitupu anaposhika fimbo kwa mara ya kwanza, mwili wake bado unaamini kwamba mkono unaishia kwenye vidole. Hupiga akiwa karibu mno, husahau ncha, na hujikinga dhidi ya umbali asiokuwa nao tena.

Kinachovuka

Kwa kuzingatia historia na sayansi hiyo, mambo kadhaa yanaweza kusemwa kuvuka kutoka mkono mtupu hadi silaha.

La kwanza ni miguu. Anayeweza kusogea pande zote bila kupishanisha miguu wala kuyumba ana mtaji utakaomfaa akishika kitu chochote na akikabiliwa na kitu chochote. La pili ni kusoma mwili wa mpinzani. Bega hutangulia mkono, na mkono hutangulia kilichomo kiganjani. Aliyezoea kuliangalia bega huona pigo likizaliwa. La tatu ni majira, yaani kujua sekunde ile mpinzani anapovuta pumzi, anapohamisha uzito wake au anapokuwa amemaliza pigo moja na hajaanza la pili. La nne ni kuanguka bila kuumia, jambo ambalo wana judo hulifundishwa kabla ya mengine yote.

La tano, ambalo pengine ni kubwa kuliko yote, ni kuzoea kushambuliwa. Mtu aliyewahi kupigana mara nyingi na mpinzani asiyetaka kushindwa hafungi macho wala haduwai anapoona mkono ukija. Utulivu huo haupatikani kwa kata peke yake wala kwa mazoezi ya kupangiana. Hupatikana kwa mapambano huru, na ndiyo sababu makocha wengi huona kwamba mwanandondi au mwanamieleka wa kawaida huweza kujifunza silaha kwa haraka kuliko mtu mwenye mkanda wa juu ambaye hajawahi kupingwa.

Kisichovuka

Tofauti kubwa ipo kwenye gharama ya kuguswa. Katika ndondi, kupokea ngumi moja ya bega ili kurudisha mbili za kidevu ni biashara yenye faida. Mwanandondi hujikinga kwa kuinua mikono na kuacha mapigo yapige mikono hiyo. Mwanakarate hupangua kwa mkono wa mbele. Mwanamieleka huingia kifuani kwa mpinzani na kumkumbatia. Mbele ya ngumi, hizo zote ni hekima. Mbele ya kisu, mkono uliokinga umekatwa, na kifua kilichokumbatiwa kimelitoa tumbo liwe karibu na ncha. Mbele ya fimbo, mkono uliokinga huenda umevunjika.

Haya ndiyo wataalamu wa ujifunzaji huyaita uhamisho wenye madhara: zoea jema katika mazingira moja linaharibu kazi katika mazingira mengine. Hatari yake ni kwamba hutokea hasa pale mambo mawili yanapofanana kwa sura. Mkono unaokuja na kisu unafanana na mkono unaokuja na ngumi, na mwili uliofundishwa kwa miaka mingi hujibu kabla akili haijaona chuma.

Tofauti ya pili ni umbali. Fimbo ya sentimita 70 inakaribia kuuongezea mkono urefu wake mara mbili, na kwa kuwa ncha husafiri njia ndefu kuliko kiganja kwa muda uleule, kasi yake ni kubwa zaidi. Mahali ambapo mwanakarate amezoea kusimama kwa usalama pamekuwa mahali pa kupigwa. Kwa upande mwingine, fimbo ndefu hupoteza nguvu mtu anapoingia ndani yake, hivyo anayebaki katikati, mbali kwa ngumi na karibu kwa fimbo, ndiye aliye mahali pabaya kuliko pote.

Tofauti ya tatu ni muda. Mwaka 1983 ofisa wa polisi wa mji wa Salt Lake City nchini Marekani, Dennis Tueller, alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu katika mafunzo ya polisi. Alipima muda anaoutumia mtu kukimbia futi 21, yaani takriban mita 6.4, akiwa na kisu mkononi. Ulikuwa kama sekunde moja na nusu, sawa na muda ambao ofisa mwenye mazoezi huhitaji kuchomoa bastola na kulenga. Ikiwa mwenye bastola kiunoni ana shida katika umbali wa mita sita, mwenye mikono mitupu katika umbali wa mita moja hana muda wa kuchagua mbinu kati ya 10 alizofundishwa.

Njia ya kupima ukweli

Makocha waangalifu hawaliachi jambo hili kwenye mjadala. Wapo wanaompa mwanafunzi mmoja kalamu ya wino mzito badala ya kisu, wakamvalisha mwingine fulana nyeupe, na kuwaambia washindane kwa uhuru kwa sekunde 20. Mwishoni fulana husomwa. Mara nyingi hata yule aliyefanikiwa kukamata mkono wenye kalamu hukuta mistari kifuani, mikononi na shingoni ambayo hakuihisi ilipokuwa ikichorwa. Zoezi hilo linahitaji miwani ya kulinda macho na msimamizi makini, na hufundisha kwa dakika moja kile ambacho maneno hayawezi kukifundisha kwa mwaka.

Nchini Marekani, kundi la wapiganaji linalojulikana kwa jina la Dog Brothers lilikwenda mbali zaidi, likipigana kwa fimbo za henzerani huku washiriki wakivaa vinyago vya wavu wa chuma na kinga chache. Walichokigundua kinazigusa pande zote mbili za mjadala. Wasioijua fimbo walipigwa walipokuwa mbali. Lakini mapambano mengi yalifika hatua ya kushikana na kuanguka chini, na hapo mwenye ujuzi wa mieleka alijikuta akiwa na faida, mradi awe amefika akiwa mzima na akumbuke kwamba mpinzani wake bado ana fimbo. Ujuzi wa mikono mitupu ulikuwa na kazi yake. Kilichohitajika ni kujifunza njia ya kuufikia.

Jambo hilo laweza kuwa mwongozo kwa kumbi ndogo zisizo na vifaa vingi. Kijiti kilichofungwa sponji na kitambaa hakina gharama kubwa. Kinachohitajika zaidi ni ruhusa ya mwalimu kwamba mwenye silaha asisimame kama sanamu: arudishe mkono wake, abadilishe mkono, apige mara ya pili. Mbinu itakayosalia baada ya hapo inastahili kufundishwa. Isiyosalia na ihifadhiwe kama urithi na mazoezi ya viungo, na mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi.

Maana yake kwa raia wa kawaida

Kwa mwajiri wa walinzi, hitimisho ni kwamba mkanda wa karate au judo ni dalili njema ya nidhamu na afya, lakini si mbadala wa mafunzo ya rungu. Anayekabidhiwa rungu anahitaji kufundishwa kulishika, kulitumia kwa umbali wake na, muhimu vilevile, mipaka ya sheria katika kulitumia. Kwa mzazi, mafunzo ya mikono mitupu yanabaki kuwa na thamani kubwa: humpa mtoto miguu, pumzi, ujasiri wa kusimama na adabu ya kujizuia. Asichopaswa kuahidiwa ni kwamba yatamkinga dhidi ya kisu.

Kwa mwanafunzi mwenyewe, sehemu ya ujuzi wake inayovuka kwa uhakika zaidi ndiyo hiyo ya miguu na macho, na kazi yake ya kwanza ni kumtoa mahali pa hatari. Kuiona hatari mapema, kuweka meza, gari au mlango kati yake na mwenye silaha, kutoa pochi au simu bila ubishi, na kukimbia njia ikiwa wazi ni mambo ambayo walimu makini huyahesabu kuwa sehemu ya sanaa. Mikono huja mwisho, pale ambapo njia zote nyingine zimezibwa, na hapo mtu apambane akijua kwamba huenda atakatwa.

Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Mwenye kisu ameshika mpini, na aliye mbele yake amebakiwa na makali. Aliyeyajua hayo tangu ukumbini hatangoja kuyajifunzia barabarani.